Fukusi Elfu Mbili na Toroli Moja

Jumatatu, 4 Machi 1985

Leo nimeipata njia. Miaka yote wananiambia mimi Polikarpi ni mtu wa mipango isiyofika. Sasa watanikoma.

Mkutano wa kijiji, hapa hapa Nyabiyonza. Bwana Shamba, kijana wa Muleba anayeitwa Cassian, kasimama na kopo. Akamimina mezani wadudu weusi, wadogo kama punje za maharage, wenye mdomo mrefu. Fukusi! Akasema hawa ndio wanaomaliza chakula cha Karagwe. Wanataga kwenye tunguu la mgomba, watoto wao wanatoboa ndani kwa ndani, na siku ya upepo mgomba unalala chini pamoja na mkungu wake. Tukinyamaza, alisema, wajukuu wetu watakula ndizi kwa kusimuliwa. Watu wakaguna. Mimi sikuguna, nilikuwa natazama nyuma yake. Toroli! Jipya! La kijani, gurudumu la mpira! Mwaka huu ambao hata kipande cha sabuni tunakipangia foleni!

Ni zawadi. Atakayeleta fukusi wengi kuliko wote siku ya Saba Saba, wakiwa hai, waliokamatwa kwenye kibanja chake mwenyewe, yaani shamba lake la migomba, ndiye atakayelichukua. Jirani yangu Mbonimpa akauliza kama na mikungu itahesabiwa. Watu wakacheka, lakini kwa heshima, maana mkungu mmoja wa Mbonimpa hubebwa na watu wawili. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi na jembe moja. Leo watu wakipita njiani wanasimama kutazama migomba yake. Yangu hawasimami.

Mbonimpa na toroli? Labda jua lichomoze upande wa Rwanda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetega kama tulivyofundishwa. Unapasua gogo la mgomba uliokwisha kuvunwa, unalaza kipande kwenye shina, upande wenye majimaji chini, unafunika kwa majani makavu. Siku ya tatu unafunua, unaokota. Mitego ishirini.

Fukusi tisa.

Tisa! Nimehesabu mara tatu. Nikamwita mke wangu Placida nimwonyeshe aibu hii. Akamshukuru Mungu! Akasema kila wiki anaweka majivu kwenye mashina, samadi hajawahi kuikosa, na magogo anayakatakata yakauke ili mdudu asipate pa kulala. Nikamwuliza nani alimtuma. Akasema ni mama yangu mzazi. Kabla hajafa alimkabidhi migomba hii mia moja na ishirini, akamwambia watoto wake watakuwa na mama wawili, yeye na kibanja.

Kumbe nimeishi miaka kumi na minane na mtu anayenihujumu!

Jumamosi, 9 Machi

Akili ni mali. Kule Kihanga kuna kibanja cha mzee Rweyemamu, aliyehamia Bukoba kwa mwanawe. Miaka minne hakijaguswa. Nyasi kiunoni, migomba imeozeana. Pepo ya fukusi! Nimewaokota nikajaza kopo. Nimechimba na matunguu yenyewe, gunia zima, nikalifunga kwenye baiskeli.

Najua sharti ni kibanja chako mwenyewe. Lakini fukusi akishalala kwangu siku mbili tatu, si ameshakuwa wa kwangu? Sisi Wanyambo hatumfukuzi mgeni.

Njiani nikakutana na nani? Mbonimpa! Nikamwambia nimebeba miche ya kisasa. Akachomoa tunguu moja, akalinusa, akalirudisha polepole. Akasema kwake tunguu geni haliingii kabla hajalimenya lote na kulichovya kwenye maji ya moto, akanishauri nami nifanye hivyo. Nilicheka nusura nianguke na baiskeli. Kumenya tunguu kama anampikia mgonjwa!

Jumapili, 10 Machi

Msiba.

Nimetoka misani, nimefungua kopo. Fukusi mia tatu na kumi na wawili, wote wamekunja miguu. Nikawatikisa. Kimya. Nikawapulizia. Kimya! Safari yote ya Kihanga, mgongo unaniuma, halafu wamekufa! Nilikaa chini nikalia, sioni haya kuandika. Nikawamwaga chini ya mgomba wa jikoni, ule mkubwa alioupanda mama, nikaenda kuleta jembe niwafukie.

Nimerudi na jembe. Hakuna hata mmoja!

Mawe, mama yangu we! Wamekwenda wapi? Nikapiga magoti, nikafunua majani. Nikamwona wa mwisho, makalio yanaishia ndani ya shina. Nikamgusa. Akakunja miguu, akafa. Nikamwacha kidogo. Akafufuka, akaendelea na safari. Wanajifanya! Mdudu asiye na hata shati amenidanganya mimi, mwenye cheti cha darasa la saba!

Baada ya kunywa maji nimeona si msiba. Sasa wako kwenye kibanja changu mwenyewe, sawasawa na sharti. Yale matunguu ya Kihanga nimeyatawanya katikati ya migomba, wapate pa kuanzia maisha.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepiga marufuku majivu. Na samadi. Na kukatakata magogo. Placida akauliza sababu, nikamwambia ni utaalamu mpya. Akauliza utaalamu huo kausema nani. Nikamwambia mambo mengine hayahitaji msemaji.

Aliniita Baba Anatolia, kwa ile sauti anayoitumia mbuzi akiingia ndani. Nikaenda kutazama mitego. Mtaalamu hajibizani.

Ijumaa, 17 Mei

Mitego ishirini, fukusi mia sita! Aleluya! Nawafuga kwenye debe nyuma ya jiko, na vipande vya tunguu wale washibe. Binti yetu Anatolia amekataa kupika huko. Anasema debe linapumua.

Mgomba mmoja umeanguka. Ule wa mama, wa jikoni. Mkungu ulikuwa bado mchanga, vidole vya mtoto. Nilishtuka, siwezi kukataa. Placida alitoka na mwiko mkononi. Nikamwambia ni upepo. Akatazama juu. Hakuna jani lililokuwa linatikisika.

Jumatano, 26 Juni

Imeanguka arobaini na mmoja. Sikujua migomba inaweza kuanguka kwa kufuatana hivi, mmoja ukilala na wa pili unaona usingizi. Wiki ya pili tunakula ugali wa muhogo mchana na jioni. Mimi! Mnyambo mwenye kibanja! Leo nimemkuta Anatolia amebeba sahani anakwenda kwa Mbonimpa kuomba ndizi. Nimejificha nyuma ya choo mpaka apite.

Placida alisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikatazama nguo zangu. Kweli, begani kulikuwa na fukusi. Nikamtia koponi.

Nusura nimweleze yote. Mdomo ulishafunguka. Lakini asubuhi nilikuwa nimemwona Mbonimpa anasawazisha njia inayoingia kwake, anajaza mashimo kwa kokoto. Njia nzuri hivyo ya nini, kama si ya toroli? Nikaufunga mdomo.

Jumapili, 7 Julai. SABA SABA!

NIMESHINDA!

Walimu wawili wamehesabu tangu saa tatu mpaka saa saba, mmoja akatoka kwenda kutapika. Fukusi elfu mbili, mia tatu na sita! Mshindi wa pili alikuwa na mia nne na kumi na mmoja. Mbonimpa kaja na kikombe. Ndani yake thelathini na mmoja! Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kikohozi.

Nimekabidhiwa toroli mbele ya umati. Linakwenda lenyewe, unaligusa tu. Wanawake walipiga vigelegele. Placida hakupiga. Mikono yake ilikuwa kifuani.

Jambo moja sikulielewa. Cassian alinipa mkono haraka haraka. Lakini Mbonimpa yeye akamshika mkono muda mrefu, kwa mikono yake yote miwili. Kwa fukusi thelathini na mmoja! Hawa vijana wa siku hizi wamesoma nini?

Halafu Cassian akaniambia kesho atakuja kukitazama kibanja changu. Bila shaka anataka kujifunza.

Jumatatu, 8 Julai

Usiku ulivuma upepo. Wa kweli safari hii. Asubuhi nimefungua mlango nikaiona barabara. Kutoka mlangoni kwangu! Tangu nizaliwe sijawahi kuiona barabara kutoka mlangoni. Migomba yote chini, imelala upande mmoja kama watu kwenye mkeka. Iliyosimama ni mitatu.

Cassian akafika, na nusu ya kijiji nyuma yake. Akapasua tunguu moja kwa panga. Ndani vumbi na mashimo. La pili, hivyo hivyo. Kisha akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, si Muleba si Karagwe, na hesabu ya jana ilikuwa ya kumwonyesha ugonjwa uko wapi. Akauliza, mbele ya watu wote, kama wadudu hawa ni wa hapa hapa au kuna aliowaleta. Kama waliletwa, ile mitatu huenda bado mizima, ataichunguza ibaki mbegu. Ila toroli litarudi ofisini. Kama ni wa hapa, basi ugonjwa ni wa siku nyingi, kila tunguu ling'olewe na migomba isirudi mpaka misimu miwili ipite.

Placida akanitazama. Najua alikuwa anajua. Alinitazama tu, na nyuma yake ile migomba mitatu ya mama.

Toroli lilikuwa kivulini. Lile gurudumu!

Nikasema wote ni wa hapa. Nimewakuza mwenyewe.

Placida akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sufuria tupu. Akaiweka ndani ya toroli, akaniambia nipike basi, watoto wanasubiri kula toroli. Kuna watu walicheka. Mbonimpa hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Jumamosi, 20 Julai

Toroli ni zuri mno. Nimebeba matunguu mia moja na ishirini mpaka shimoni, mizigo thelathini na minne, na gurudumu halijalia hata mara moja. Mzigo wa mwisho ulikuwa na tunguu la mgomba wa jikoni. Nililisukuma hilo taratibu. Nilisimama pale shimoni muda, nikamwomba mama radhi. Nadhani amenielewa, hakuwahi kuwa na toroli.

Mbonimpa amekuja kusema miche yetu ya mwaka kesho kutwa itatoka kwake, hamsini, bure. Ndivyo ilivyo desturi, kibanja kikifa majirani wanakifufua. Amesema atanifundisha kumenya. Nimemshukuru. Kumbe ile njia aliisawazisha ili mikokoteni ya watu iingie kuchukua miche! Mtu anajaza mashimo ili agawe mali yake! Nimeshindwa kulala mchana nikilifikiria.

Kwa sasa tunalishwa na shemeji yangu Celestin, kaka yake Placida, anayekaa Isingiro. Kila Jumamosi anatuletea mikungu miwili kwa baiskeli. Kibanja chake ni giza tupu, jua halifiki chini. Watoto wamerudisha mashavu. Placida ananisalimia tena, ingawa bado kwa kifupi.

Jumatatu, 5 Agosti

Habari! Habari kubwa!

Mwakani shindano linahamia Isingiro. Zawadi ni baiskeli mpya! Na taa yake!

Nimekaa nikafikiri. Shemeji anatuhangaikia kila wiki na lile baiskeli lake bovu, mnyororo unakatika kila kilima. Nani wa kumsaidia? Kule Isingiro nani anajua kazi hii? Celestin mwenyewe ukimwuliza fukusi atasema hajawaona miaka kumi. Peke yake hafiki hata ishirini. Masikini.

Kesho ninakwenda kwake na toroli kumpunguzia safari, nikachukue mikungu mwenyewe na kumshukuru. Placida amefurahi mpaka akatabasamu, mara ya kwanza tangu Saba Saba. Amenifungia maharage ya kumpelekea kaka yake, akasema angalau kuna kitu nimejifunza.

Maharage yako juu. Chini yake kuna gunia, na chini ya gunia kuna kopo. Nilibakiza arobaini, nawalisha kila asubuhi.

Nimelifungua sasa hivi. Wote wamekunja miguu, kimya kabisa. Safari hii silii.