Dhahabu ya Lupa na Kiti cha Marehemu

Jumatatu, 1 Machi 1937. Temeke.
Kwaresima hii nimeahidi kanisani kutomsema jirani yangu Tunu. Basi sitasema kwamba gramafoni yake inakoroma kama mbuzi mwenye mafua. Wanawake wote wa mtaa wamejazana barazani kwake tangu adhuhuri. Kwangu? Kuku, na mzee Mwishehe. Mwishehe simhesabu. Huyo huja kila alasiri, hukaa kwenye kiti cha uvivu cha marehemu mume wangu kwa sababu goti lake halikunjiki akae mkekani, hunywa chai ya tangawizi, huaga.

Leo kapita Gaudens, karani wa dalali mmoja mjini. Anauza hisa za kampuni ya dhahabu ya huko Lupa. Hisa ni karatasi. Ukiwa nayo, kipande cha mgodi ni chako. Nikamuuliza mgodi una kina gani. Akasema bado haujachimbwa. Nikauliza basi hiyo dhahabu nani kaiona. Akasema inatafutwa, na ndiyo maana bei ni rahisi. Kijana ana akili! Ikionekana tu, mwanangu Adelard nitampelekea nauli huko Tabora aniletee wajukuu. Sijamwona hata mmoja. Watajaa barazani, na Tunu atazima gramafoni mwenyewe.

Nimeuza jogoo.

Jumatano, 3 Machi.
Gaudens kaleta karatasi, pamoja na jiwe la huko huko Lupa. Linameta! Nimeliweka kwenye kisahani mlangoni, nikakohoa kwa nguvu. Kufika alasiri baraza imefurika. Eufrazia, ambaye tangu Krismasi hanisalimu, kaniita mama. Nikamwinua Mwishehe, nikamkalisha Eufrazia kitini. Mzee kasimama na kikombe chake, kaegemea nguzo. Kaniambia, Mama Adelard, goti linauma. Nikamjibu asiye na hisa asilalamike.

Tunu naye kaja. Kalitazama jiwe, kasema kwa wakwe zake mawe kama hayo wanazuilia mlango. Kijicho! (Sijamsema. Nimesema kijicho.)

Ijumaa, 5 Machi.
Nimelipeleka jiwe mjini kwa sonara. Eufrazia kanifuata awe shahidi. Sonara kaligonga kwa kinyundo kidogo, likavunjika kama kashata. Kasema, bibi, hii si dhahabu, kasugulie sufuria. Nikamwambia mkono wake ndio mbovu. Njiani nikamsihi Eufrazia aseme tu kwamba sonara hakutaja bei. Na ni kweli, hakutaja.

Alasiri wote kwa Tunu. Eufrazia anaigiza kinyundo. Vicheko navisikia hadi jikoni.

Mwishehe kaja, kakaa. Habari za jiwe hakuuliza. Kasema tu tangawizi leo imepungua. Nimemkaripia mpaka koo likanikauka. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kauliza kama kesho itaongezwa.

Jumapili, 7 Machi.
Baada ya misa nimemkamata Gaudens, nikamshika tai. Kasema jiwe lile lilikuwa la juu, dhahabu hukaa chini. Tena bei ya hisa imeshuka nusu, wenye akili ndio wananunua sasa.

Nikakaa kupima. Viatu vya Gaudens vina matundu: hasara. Lakini mwongo angekuwa ameshanunua viatu vipya: faida. Na sonara kapima jiwe, mgodi hajaupima.

Jogoo hakuna tena. Nimeuza kiti cha uvivu. Aliyetoa bei nzuri ni Tunu. Kamtuma mpagazi akichukue mbio, nisije nikaghairi.

Jumatano, 10 Machi.
Juzi Mwishehe alikuja, akapatazama pale kilipokuwa kiti. Nikamtandikia mkeka. Akacheka, akanionyesha goti. Alikunywa chai wima, akaaga mapema. Jana hakuja. Leo nimechungulia: yuko kwa Tunu, kwenye kiti cha marehemu, mguu kaunyoosha. Hakutazama huku. Au labda alitazama wakati nimeinama.

Kosa lake. Angenunua hisa.

Nimechemsha chai ya watu wawili, mazoea tu. Tangawizi nimeongeza. Gaudens anasema sasa kuna kampuni ya almasi, hiyo hata mahali pa kutafuta bado haijachagua, ndiyo maana ni rahisi kupita zote. Birika langu la shaba ni zito. Nikimaliza hiki kikombe cha pili nitalisugua ling'ae, kesho mnunuzi aje alione.