Paradiso Iliyopigwa Pasi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeua kitabu.

Sikukusudia. Nilikuwa mezani na chai yangu, namalizia ile riwaya ya vijana wanne wanaozunguka dunia na mabegi mgongoni wakitafuta paradiso. Riwaya ya hovyo! Kurasa mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyefua nguo. Nikapiga ngumi mezani. Kikombe kikaruka.

Kurasa kumi na nne za mwisho zimelowa chapachapa. Nikakimbilia pasi ya mke wangu. Kosa. Ukurasa wa juu sasa una alama ya pasi, kahawia, pamoja na pengo la ile kona ya pasi iliyomeguka ilipoanguka kwenye ngazi.

Kitabu ni cha maktaba! Na jina langu limo mara mbili katika Daftari Jekundu la mkutubi. Mara ya kwanza, kwa kuandika UONGO! kwa wino katika kurasa kumi na moja za kitabu cha uchumi. Ulikuwa uongo. Mara ya pili, ile ndoo. Sitaki kuizungumzia ndoo. Mara ya tatu ni kufukuzwa maisha, na picha yako kubandikwa mlangoni. Yupo kinyozi mmoja pale, mwaka wa sita sasa, anamtazama kila anayeingia. Mimi bila maktaba ni nani? Mtu mwenye maoni asiye na kitabu. Mji umejaa watu hao.

Wembe. Nimezikata zote, hadi kwenye mshono. Riwaya sasa inaishia pale vijana wanaposhuka ufukweni wakicheka, jua limewaka. Imependeza zaidi, kusema kweli. Kurasa nimezificha kwenye droo ya soksi.

Jumanne, tarehe 5

Nimekirudisha. Mkutubi alikipima mkononi kama anayekadiria nyama. Akauliza mwisho nimeuonaje. Nikasema ni mkali kama wembe. Wembe! Kwa nini nilisema wembe? Aliniangalia muda mrefu sana.

Hapo hapo akamwazima muuguzi mstaafu. Kumbe Jumamosi kikundi chetu cha wasomaji kinajadili riwaya hiyohiyo. Na nakala ni mbili tu. Ya kwanza, nzima, anayo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu anayepiga mstari kwa rula hata kwenye orodha ya vitunguu.

Nikaketi kwenye ngazi za maktaba.

Alhamisi, tarehe 7

Limelipuka. Foleni ya mkate, mbele yangu. Muuguzi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba hajapata kusoma riwaya yenye furaha namna ile. Shemeji akageuka. Akauliza furaha ipi, ikiwa yule kijana wa mwisho anazama akiwaita wenzake, na wenzake wanapakia mabegi? Muuguzi akasema hakuna aliyezama, labda Mwalimu abadilishe miwani. Shemeji akasema amesahihisha mitihani miaka thelathini na nne, mtu akizama anamjua. Foleni ikagawanyika. Mwenye mkate akasema wote wazame, ila wazame nje.

Nikaondoka bila mkate.

Mkakati! Nimebandika tamko kwenye ubao wa matangazo wa maktaba. Kali. Nimesema mwisho wa riwaya haumo kitabuni, umo katika dhamiri ya msomaji. Anayeona kijana anazama, anazama yeye mwenyewe. Karani wa posta amenishika mkono. Hajaisoma riwaya lakini yuko upande wangu.

Jioni Shemeji amepita. Tamko ameliona. Amesema Jumamosi atasimama ausome mwisho mbele ya watu, neno kwa neno. Nilikuwa na kipande cha kiazi mdomoni. Sikukimeza wala sikukitema.

Ijumaa, tarehe 8

Mkakati wa pili, ambao ndio ungekuwa wa kwanza: nakala zote mbili zifanane.

Nimekwenda kwa Shemeji. Nikaomba maji. Akaenda jikoni. Kitabu kilikuwa juu ya redio, wembe ulikuwa ndani ya soksi yangu. Ulinikata kifundo cha mguu kabla sijaukamata. Nikakata kurasa kumi na nne, hadi kwenye mshono. Nikazisukumia chini ya shati. Shemeji akarudi, akauliza mbona natoka damu. Nikasema mbu. Akauliza mbu gani anamvua mtu soksi.

Nilikunywa glasi tatu. Sikuwa na kiu. Kurasa sasa ziko kwenye droo ya soksi, pamoja na zile za kwanza.

Jumamosi, tarehe 9

Watu kumi na tisa. Shemeji kavaa koti. Akafungua kitabu chake mwishoni. Hakuna mwisho. Akageuza, akarudia, akahesabu kwa kidole. Akaomba nakala ya muuguzi. Hakuna. Watu wakaanza kucheka. Muuguzi, kwa upole, akamwambia pumzika, Mwalimu wangu, sote tunaelekea huko.

Mkutubi hakucheka. Alipitisha ukucha kwenye mshono wa nakala ya kwanza, kisha wa pili, polepole. Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. Aliponifikia nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala, kwa sababu ya kidonda.

Nimeshinda, basi. Lakini Shemeji hakubisha. Mtu anayebishana hata na saa ya ukutani! Aliketi akatazama mikono yake. Njiani alimwambia dada yake, mke wangu, kwa sauti ndogo, kwamba baba yao alianza hivihivi, kwa kukumbuka mambo ambayo hayakuwepo. Akamwomba asimwambie mtu. Nilikuwa hatua mbili nyuma yao.

Jumapili, tarehe 10

Sikula. Mke wangu ametoka kwa kaka yake. Amemkuta ameandika majina ya watoto wake na wajukuu kwenye karatasi, anayarudia, kisha anaangalia kama amepatia.

Mimi nina moyo, hata wakosoaji wangu wanalijua hilo. Nimechota kurasa kutoka droo ya soksi, nimezisukuma chini ya mlango wa Shemeji bila jina, nimekimbia. Mtu wa umri wangu, akikimbia! Atajua akili yake ni nzima. Na hakuna atakayenijua mimi.

Baadaye: nimefungua droo. Zilizobaki ni zile safi. Nimempelekea zilizopigwa pasi.

Jumatatu, tarehe 11

Shemeji amekuja anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anapunga kurasa. Hata hataki kujua nani kazileta, alisema. Si mgonjwa, basi. Si mgonjwa! Mke wangu akazipokea. Akaitazama ile alama. Akaenda ndani, akarudi na pasi, akaiweka juu yake. Iliingia kama mguu kwenye kiatu chake.



Kisha Shemeji akaniuliza, Shemeji, yule mbu wako alitumia wembe gani? Mke wangu alisema maneno matatu tu: vaa viatu vyako.

Tumekwenda maktaba, mimi katikati. Mkutubi akafungua Daftari Jekundu. Pembeni ya picha ya kinyozi niliona nafasi, na msumari umeshapigwa. Na aliyeniombea, ajabu, ni Shemeji! Alisema mama, ukimfukuza huyu atashinda nyumbani mchana kutwa, na dada yangu amekukosea nini?

Mkutubi alifikiri. Kisha hukumu. Kurasa safi anazirudisha mwenyewe katika nakala ya kwanza. Za nakala ya pili nitazinakili mimi kwa mkono, mwandiko safi, kwenye meza ya dirishani, kila apitaye anione. Neno moja likipungua, picha inapanda.

Jumatano, tarehe 13

Siku ya pili mezani. Kidole kina lengelenge. Muuguzi amepita, amenipiga picha.

Mkutubi naye amepita. Amesoma ukurasa wangu wa kwanza, ameulinganisha, ameridhika. Amesema zilizobaki hatazikagua, ameniamini. Ameniamini! Machozi yamenilengalenga. Ameongeza kwamba nakala hii ikikauka gundi inakwenda kwa Shemeji kwanza, ameomba mwenyewe, anataka kuisoma na rula yake.

Nimejuta, shajara yangu. Nimejuta kweli.

Nimefika ukurasa wa kumi na nne. Kijana anaanza kuzama. Anaita. Wenzake wanapakia mabegi. Hovyo kabisa! Huyu mwandishi alilala wapi siku hiyo? Muuguzi wa watu atalia bure.

Nimetazama mlangoni. Kinyozi ananitazama. Mkutubi yuko kwenye simu, amenipa mgongo.

Nimemrushia kijana kamba. Ameishika. Nimemfikisha ufukweni mzima, na kwa kuwa mstari mmoja ulibaki mtupu, amefua nguo.