Mwenye Mwiko Ni Mimi

Jumatatu, 7 Oktoba
Kina mama wa Likombe tunapanda jukwaani! Mchezo wa nyimbo mwanzo mwisho. Mhusika mkuu ni mama wa nyumbani aliyepika miaka kumi na miwili bila kuulizwa anapenda nini, mpaka siku anaweka mwiko chini na kuimba. Ni mimi mtupu! Nafasi hii naitaka kuliko nilivyotaka kuolewa. Lakini jirani yangu Modesta, mke wa mtu wa bandarini, naye anaitaka. Kwaya ya kanisani imempa kichwa. Mwalimu Upendo, anayetufundisha, atatusikiliza Alhamisi.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimepata njia! Mabibo, matunda ya mkorosho, yakiliwa bila chumvi hukwaruza koo vibaya. Modesta kahamia mwezi jana kutoka Moshi, atajulia wapi? Nimempelekea bakuli zima. Kassimu, mume wangu, kauliza ukarimu huu umeanza lini. Nimemjibu ni ujirani mwema.

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa. Modesta kaja na bakuli lile lile, halijaguswa. Ati kwao tunda hili hawalijui, nimwonyeshe linavyoliwa. Kassimu kakaa anatutazama. Ukikataa chakula ulichopeleka mwenyewe, si utaitwa mchawi? Nikala. Chumvi sikuthubutu kuitaja. Nikala manne, huku natabasamu. Modesta akasema ataonja siku nyingine, akanywa chai.

Alhamisi, 10 Oktoba
Modesta kaimba vizuri, mshenzi yule. Zamu yangu ikatoka sauti ya mlango mbovu. Nilipofika pale mama anapouliza kama kuna aliyewahi kumuuliza chochote, nikalia kweli. Mwalimu Upendo akasema Modesta anaimba kama mtu aliyelala vizuri, lakini huyu kameza maneno miaka mingi. Nafasi yangu! Modesta akanikumbatia. Niliona aibu mpaka getini.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kassimu kasikia habari. Kasonga ugali mwenyewe, una mabonge. Kisha akauliza taratibu, "Mama Sudi, hivi wewe unapenda nini?" Nimefurahi mpaka nimekula mabonge yote.

Jumamosi, 12 Oktoba
Modesta kapewa nafasi ya jirani, nyimbo mbili. Mbili! Tena zenye makofi. Kesho nampelekea Mwalimu Upendo samaki wa kukaanga, nimshauri kwa upole kwamba jirani huyo wa kwenye mchezo awe amevuka mpaka pale Kilambo kwenda Msumbiji kabla mchezo haujaanza.