Leo Tunapima Mafuta

Ackson alikuwa anatafuta koti la harusi. Alichopata kwenye rundo la mitumba pale sokoni Tukuyu kilikuwa koti jeupe la daktari, refu, lenye doa la wino kifuani, na ndani ya mfuko wake mlikuwa na kidude ambacho muuzaji mwenyewe hakujua kwamba anakiuza.

Kilikuwa kibanio cha plastiki chenye namba ndogondogo pembeni. Mfuko wa pili ulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Ackson aliishia darasa la saba, lakini Kiingereza cha makaratasi ya dawa alikimudu kiasi cha kuwatisha wengine. Akaisoma palepale, amesimama juu ya suruali za watu. Unamshika kijana nyuma ya mkono, unaibana ngozi na nyama yake laini, unasoma namba, unajua ana mafuta kiasi gani mwilini. Kisha unampima kilo, unampima urefu, unagawanya kilo kwa urefu mara urefu, unapata uwiano. Wa miaka kumi na nne awe hivi, wa kumi na sita awe vile.

Mtu mwingine angesema hiyo ni kazi ya hospitali. Ackson alikitazama kibanio kile, akasema moyoni: huyu hapa ng'ombe wangu.

Ng'ombe huyo ni lazima aelezwe. Ackson alitaka kumwoa Jenifer, na baba yake Jenifer, mzee Anyelwisye, alikuwa amesema neno moja na hakulirudia. "Nataka mtamba wa maziwa zizini kwangu kabla ya Jumapili. Na siku hiyo dada yangu atakuja kukutazama. Mimi nikikubali na shangazi mtu akakataa, basi imekataliwa." Mwenye duka la soda kule stendi naye alikuwa ameshaanza kumpelekea mzee salamu na kreti. Ackson alikuwa amedanganya watu wa kila namna tangu Uyole hadi Kyela, lakini Jenifer alimpenda kweli, na wazo la kumwona akipanga chupa za soda za mwanamume mwingine lilimnyima usingizi.

Nao wakati wenyewe ulikuwa mzuri kwa mtu wa dili. Kila kitu kilikuwa ruksa. Kila wiki ilizuka kampuni mpya yenye jina refu, ya kununua kahawa, ya kuuza mbolea, ya kuonyesha video, na watu walikuwa hawashangai tena wakimwona mgeni anashuka na meza ya kukunja.

Ackson akauza redio yake, akajaza dizeli kwenye lori la Hamis, dereva mpole asiyependa maswali.

"Kampuni ya nani hii, bosi?" Hamis aliuliza mara moja tu.

"Kampuni ya Afya ya Vijana. Gari kampuni, mafuta kampuni. Wewe shika usukani."

Wakateremka hadi kijiji cha Masoko, kwenye ndizi zinazofanya matajiri wa mjini wameze mate. Ackson akavaa koti, akaweka mezani mizani ya kukanyagia, nayo ya mitumba, akashika kipaza sauti.

"Leo tunapima mafuta! Mkungu mmoja, kipimo kimoja! Kijana atakayepatikana na uwiano sahihi atasomeshwa sekondari hadi Ulaya! Leo tunapima mafuta!"

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mpana wa mabega, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi ana dumu la njano. Wenzake walimwita Ikupa.

"Mugonile, baba," akamsalimu. "Nimesikia mnapima mafuta."

"Tunapima, mama. Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto wa nini? Dumu hili hapa. Duka letu halina mafuta ya taa, tunakula gizani."

Watu wakacheka. Ackson naye akacheka, kicheko cha kidaktari. "Mafuta ya mwilini, mama. Ya vijana."

"Ala! Mkishayatoa mnayapeleka wapi?"

"Hatuyatoi. Tunataka kuyajua tu."

"Mkungu mzima, kwa kujua tu?"

Kicheko kikapanda, na Ackson akaona biashara yake inaanza kuchacha kabla ya kuiva. Akamshika mama bega kwa upole. "Weka dumu lako pale kwenye lori, ukamlete binti. Hakuna atakayeondoka hapa bila kupimiwa." Ikupa akaliweka dumu, akaenda, akarudi na mkungu kichwani na binti yake Lilian, msichana mrefu wa miaka kumi na nne aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea.

Kazi ikaanza. Kibanio kikauma mikono ya vijana wa Masoko, nao wakajikaza kiume, wasichana kwa wavulana. Ackson alikuwa akifumba jicho moja, akigawanya hewani kwa kidole, kisha anatoa jibu lake, ambalo lilikuwa moja kwa wote.

"Bado kidogo. Lete mkungu mwingine, turudie."

Mwembamba aliambiwa akale kwanza. Mnene aliambiwa akakimbie kwanza. Mzee Lazaro, mwenye mashine ya kusaga, alimleta mwanawe Abrahamu, kijana wa mashavu, akamsukuma mbele ya foleni.

"Dokta, huyu usihangaike kumpima. Mafuta yake yanaonekana toka barabarani! Andika Ulaya."

"Yamezidi, mzee. Uwiano umepita mstari."

"Yamezidi?" Lazaro aliona ametukanwa. "Tangu lini afya ya mtu ikazidi?" Lakini hakutaka mtoto wa jirani apande ndege wakati wa kwake amebaki, kwa hiyo Abrahamu akaanza kuzunguka shamba la kahawa mbio, na baba yake akaagiza mikungu mitatu.

Ilipofika zamu ya Lilian, Ackson alikuwa ameshachoka kuinama. Akambana mkono, akatangaza kilo, akatangaza urefu. "Bado kidogo." Ikupa akamtazama kwa muda, akatazama mizani, akatazama miguu ya bintiye. Alikwenda kuleta mkungu wa pili, na alipita kwa akina mama wenzake, nao wakaanza kuondoka mmojammoja na kurudi na madumu, chupa, hata koroboi.

Adhuhuri, kutoka nyuma ya lori, Hamis akapiga kelele. "Bosi! Akina mama wanasema wapimiwe mafuta!"

Ackson alikuwa ameinama kwenye mkono wa kijana. Akatazama mikungu ilivyopanda hadi ukingo wa lori, moyo ukamjaa ukarimu. "Wapimie wote! Aliyeleta mkungu asirudi mikono mitupu!"

"Wote?"

"Hamis, nimesema wote!"

Jioni wakakunja meza, wakala kona. Ackson alikaa mbele, koti limekunjwa mapajani, akimwona yule mtamba waziwazi, mweusi mwenye baka jeupe, na Jenifer akimshika kamba. Wakaanza kupanda mlima wa kutokea Masoko. Lori likakohoa. Likakohoa tena, likasimama.

"Mafuta yameisha, bosi," alisema Hamis.

"Yameishaje? Tangi lilikuwa limejaa!"

"Si ulisema niwapimie wote? Nimenyonya kwa mpira mpaka mdomo unawaka. Nikajua ndiyo zawadi ya kampuni."

Hapo sauti za akina mama zikasikika zikipanda barabarani. Mbele alikuwa Ikupa, dumu la njano kichwani, halitikisiki.

"Dokta, mwenye shida ya mafuta ni wewe?"

"Mama, nisaidie. Nina safari."

"Tutakusaidia. Leo tunapima mafuta. Mkungu mmoja, kipimo kimoja." Akatoa chupa ya soda. "Kipimo chetu ni hiki."

"Hayo ni mafuta yangu!"

"Ya mwilini au ya gari?"

Hamis akageukia dirisha lake, mabega yakimtikisika. Ackson akajaribu maneno matamu, akajaribu ukali, akajaribu serikali. Ikupa akangoja amalize.

"Ulisoma kilo za Lilian hajapanda mizani," akasema. "Nimeuza kahawa kwa watu wa mizani za ajabu, baba, lakini hata wao husubiri gunia lifike juu. Mwanangu leo ameshaanza kuaga rafiki zake. Usiku huu nitamwambia nini?"

Ackson aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, ilimchoma vibaya. Akafungua nyuma ya lori. Chupa moja ikaingia tangini, mkungu ukashuka, chupa, mkungu, mpaka lori likabaki na mkungu mmoja, ambao akina mama walisema ni wa chakula cha njiani. Kibanio Ikupa alikichukua bila kuomba.

"Ndaga fijo, dokta," akashukuru. "Nenda salama."

Jumapili Ackson alifika kwa mzee Anyelwisye bila mtamba. Angeweza kutoroka, miguu ilimwambia hivyo njia nzima. Lakini alikuja, amevaa shati safi, na ule mkungu mmoja begani, akawaambia ukweli wote mbele ya Jenifer, tangu koti hadi chupa ya soda.

"Mimi nilishajua la kusema," alisema mzee. "Lakini mwenye neno amefika tangu jana. Dada, njoo umtazame mtu wako."

Pazia la chumbani likasogea. Akatoka mama mpana wa mabega, kitenge kimekazwa kiunoni, mkononi ana kibanio cha plastiki chenye namba.

"Kunja mkono wa shati," alisema Ikupa.

Ackson akakunja. Kibanio kikamuuma nyuma ya mkono, kikauma kweli. Shangazi akafumba jicho moja, akagawanya hewani kwa kidole, akafikiri sana.

"Bado kidogo," akasema. "Lete mkungu mwingine. Na huo, baba, ulime mwenyewe."

Jenifer ndiye aliyecheka kwanza. Ackson alibaki amesimama na mkono wake ulio wazi, akihesabu miezi ya mgomba tangu kupandwa hadi kukatwa, kisha akamuuliza mzee, kwa adabu aliyoianza siku hiyo, kama hapo nyumbani kulikuwa na jembe la kuazima.