Kamati ya Kumalizia Maneno

Wananchi wanatangaziwa kwamba, kuanzia sasa, hakuna mtumishi wa hospitali yetu atakayeandika faili la mipangilio ya mashine kwa akili yake mwenyewe. Ataanza herufi, kompyuta itammalizia neno, naye atakubali. Mimi ndiye Katibu wa Kamati iliyoleta maendeleo haya.

Zamani tuliishi kienyeji. Fundi wetu wa programu, tunayemwita Mama Pacha, aliifundisha kompyuta kwamba joto la friji ya chanjo ni namba kati ya mbili na nane. Ukiandika upuuzi, inakupigia mstari mwekundu. Mwekundu! Hata mkubwa! Kamati ikakaa vikao kumi na kimoja, ikanyoosha mambo. Kwanza, itifaki: kila orodha ya maneno ambayo kompyuta inapendekeza ianze na Mkurugenzi Mkuu, maana yeye hatanguliwi na mtu. Pili, popote cheo chake kinapotokea, kompyuta iweke alama ya kijani. Mkubwa hawezi kuwa kosa.

Wiki ileile nesi akajaza faili la friji, akabonyeza, ikatoka: "Joto: Mkurugenzi Mkuu." Kijani. Friji, kwa kukosa adabu, ikazima.

Mama Pacha akaja mbio, akafuta, akaandika nne kwa mkono. Kisha akaingia ofisini kwa Mkurugenzi Mkuu bila kuitwa, nami nimo.

"Mzee, chanjo za watoto zitaharibika. Turudishe ukaguzi wa zamani."

"Umenifuta?" Mkurugenzi Mkuu akauliza.

"Nimefuta kosa, mzee."

Lo! Mdomo umeponza kichwa. Mkurugenzi akanigeukia. "Huyu aondolewe kwenye mfumo. Sasa hivi." Akaenda zake kula.

"Katibu, nawalea wale pacha peke yangu," Mama Pacha akaniambia. "Sina kazi nyingine."

Nilimwonea huruma, sikatai, lakini huruma haina fomu. Nikafungua faili la watumishi. Kwenye "Anayeondolewa" nikaanza herufi ya kwanza, nikabonyeza kitufe kama Kamati ilivyoelekeza, nikaona kijani, nikahifadhi. Sikusoma. Kijani hakisomwi.

Mkurugenzi aliporudi, geti likakataa kadi yake.

"Wewe, unajua mimi ni nani?" akamfokea mlinzi.

"Nakujua sana, mzee wangu. Ila mashine inasema umeondolewa, na imeweka kijani."

Nilihangaika kumrudisha mpaka jasho likanitoka. Kila nikijaribu, kompyuta inajibu kwamba hakuna kosa la kurekebisha. Nikamwangukia Mama Pacha aguse kidogo tu, kwa mkono.

"Kwa mkono?" akasema. "Hebu niache, Katibu. Si mmekataza wenyewe?" Akaenda kupima joto la friji yake.

Mlinzi, mtu mstaarabu, akamletea Mkurugenzi daftari la wageni. "Andika jina, utokako na shida yako, mzee. Kaa pale kwenye benchi, utaitwa."

Akaandika, akakaa. Kwa mujibu wa utaratibu, mwenye mamlaka ya kuita wageni ni Mkurugenzi Mkuu.