Joto la Kupeleka Kinangop

Jumatatu, 3 Februari 2025

Elkana ametuma picha kwenye kundi la familia. Rundo la mawe! Chini yake kaandika: "Meko ya Mama. Tunaanza." Shangazi sita wamembariki kabla sijamaliza chai. Kwa mawe!

Niweke mambo sawa humu, maana kwingine hakuna anayenisikiliza. Elkana ni mdogo wangu. Ni seremala, na anaishi hatua hamsini kutoka kwa Mama, kule Kinangop, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Mimi, Erastus Kimani, mzaliwa wa kwanza, niko Miritini, huku pwani, mwaka wa kumi na tisa sasa, karani wa yadi ya makontena karibu na Kipevu. Julai iliyopita Mama alilazwa siku tisa kwa ajili ya kifua. Daktari alisema aepushwe na baridi na moshi. Sasa Elkana anamjengea meko ya kuni ukutani mwa sebule. Eti moshi utapita kwenye bomba. Anauamini moshi!

Mimi nilimpelekea Mama blanketi zito, rangi ya damu ya mzee. Hakuna shangazi aliyesema neno.

Lazima nipate kitu kinachoshinda meko.

Jumatano, 5 Februari

Nimekipata. Kinaitwa pampu ya joto.

Kiko Changamwe, kwenye duka la mafriji la Rashad. Nilipomwambia nataka mashine ya kupasha nyumba joto, alinitazama machoni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimepima malaria. Tangu afungue duka hakuna mtu aliyewahi kumuulizia joto. Kisha akanieleza kwa subira. Zile hita za waya mwekundu hula stima na kukurudishia joto kiasi kilekile zilichokula. Pampu haitengenezi joto, hulihamisha. Hulichukua nje ikaliingiza ndani, na kwa kuwa kazi yake ni kubeba tu, stima ile ile huleta joto mara tatu hivi. Nikauliza: na nje kukiwa na baridi? Akasema hata hewa ya baridi ina joto ndani yake, ila mashine hulitafuta kwa taabu zaidi, basi nichague iliyotengenezewa nchi za baridi. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Joto ndani ya baridi! Limekuwepo Kinangop miaka yote na sisi tunatetemeka.

Akaanza maswali. Chumba kina ukubwa gani? Dari ipo? Madirisha yanafunga sawasawa? Maswali ya mtu asiyetaka kuuza. Nikamwambia anipe kubwa kuliko zote. Akasema hiyo ni ya ukumbi. Nikasema sawasawa, Mama ni mtu wa heshima ya ukumbi.

Nimechukua likizo yangu yote iliyobaki. Nitaijaribu hapa kwanza. Mama anakuja Jumapili kwa treni, aione kwa macho yake.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi Tsuma ameifunga. Tsuma ni mtu wa Kaloleni, hutengeneza mafriji barabarani hapa Miritini, mtaratibu mno. Sanduku moja liko ukutani sebuleni, jingine nje uani kando ya ukuta wa jirani. Alinishikisha nyuma ya friji letu. Moto. Akasema friji hutoa joto ndani likalitupa huku nyuma, na pampu hii ni friji iliyogeuzwa: nyumba ndiyo iko huku nyuma. Hata mke wangu Wairimu alielewa. Mimi nilikuwa nimeelewa tangu Jumatano.

Akataka kunionyesha vitufe vingine vya rimoti. Nikamkata. Nimenunua joto, sihitaji kingine.

Jumamosi, 8 Februari

Jaribio la kwanza. Nje nyuzi thelathini na tatu. Sebuleni thelathini na tisa! Ushindi mtupu. Mshumaa wa birthdei ya Lynnette, binti yetu, uliokuwa juu ya kabati, umeinama wenyewe.

Doa moja tu. Mashine inawaka dakika tatu, inajizima. Inawaka, inajizima. Tsuma anasema ni kubwa mno kwa chumba, inashiba kabla haijaanza kula, na mashine ya namna hiyo huchoka mapema. Nimemwambia inapumzika kwa sababu ina nguvu.

Wairimu amehamia uani na sufuria zake.

Jumapili, 9 Februari

Mama kafika, na mfuko wa viazi na kikohozi kilekile. Nilimketisha sebuleni katikati, mbele ya mashine, nikafunga madirisha. Nilitaka apate picha kamili. Alikaa na sweta lake kwa adabu ya mgeni, jasho linamtiririka shingoni. Baada ya robo saa aliuliza kama anaweza kwenda kumsaidia Wairimu kuosha vyombo.

Sikujua kwamba sanduku la nje, likinyang'anya hewa joto lake, hupuliza baridi. Nilitoka nikawakuta wote mbele yake. Mama, Wairimu, Lynnette, viti vimepangwa kama kanisani. Mama amefumba macho. Amesema mashine hii ni nzuri sana.

Ametazama upande usiofaa wa mashine!

Jumatatu, 10 Februari

Kafedha, jirani, anayeuza juisi ya ukwaju, amesogeza ndoo yake mbele ya sanduku langu. Anawaambia wateja juisi yake ni baridi bila barafu. Nilimwambia hewa hiyo ni yangu. Akaniuliza, "Baba Lynnette, umeipima kilo ngapi nikurudishie?" Wateja wakacheka. Mama naye alicheka, kikombe mkononi.

Jioni nimechora mpango wa sebule ya Kinangop kwa vipimo vya kichwani. Mashine juu ya picha ya marehemu Baba. Meko ya Elkana nimeichora pia, halafu nikaipigia msalaba mwekundu.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya. Niiandike ilivyokuwa.

Tsuma alikuja kuangalia kwa nini mashine inajizima. Nikampa mchoro wangu aone itakapofungwa. Aliutazama, akaukunja, akaenda uani kwa Mama aliyekuwa akichambua mchicha. Akachutama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Huko kwako, mama, mchana wakaa wapi?"

Mama akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake baada ya miaka mingi.

"Jikoni tu. Kwa moto."

"Jiko la kuni? La nje?"

"La nje."

"Na sebuleni?"

"Sebuleni ni kwa wageni. Mimi hufungua hawa wanangu wawili wakija Krismasi."

Tsuma hakunitazama. Namshukuru kwa hilo.

"Na ukilala?"

"Pale kati ya ukuta na mabati kuna nafasi. Upepo unaingia. Mimi hufunga kitambaa kichwani, na saa kumi alfajiri naamka, naenda jikoni kuwasha moto." Akaendelea na mchicha wake. "Chumba kile kingekuwa na joto, singeenda kwa moshi. Ningekaa hapo dirishani na mahindi yangu. Dirisha ni zuri. Linaona barabara."

Tsuma akauliza chumba ni kikubwa kiasi gani. Mama akasema kitanda, sanduku la nguo na kiti. Akasimama akapima kwa hatua zake hapo uani, tatu kwa nne, kwa ndara za Wairimu.

Nilisimama mlangoni nimeshika mchoro. Miaka kumi na tisa naenda Krismasi, nakalishwa sebuleni, nanyweshwa chai, halafu nasema nyumba ya Mama ina baridi. Elkana anaishi hatua hamsini, na mawe yake yako chini ya dirisha la sebule. Wana wawili, na hakuna aliyejua anapokaa.

Tsuma ameniambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba kwanza ni dari, na kuziba nafasi ile ya mabati. Bila hivyo nitakuwa naipasha joto Kinangop nzima. Kisha mashine ndogo, ya chumba kimoja, ile ya nchi za baridi. Na nyaya za stima zikaguliwe. Na jiko la gesi la kupikia, ili moto wa kuni usiwe na kisingizio. Nikauliza dari ataweka nani huko.

Akaniuliza, "Si una ndugu seremala?"

Jumatano, 12 Februari

Rashad amekataa kuipokea tena ile kubwa ikiwa imetumika. Tsuma akachukua rimoti, akabonyeza kitufe chenye alama ya theluji. Dakika tano. Sebule ikawa Kinangop.

Inageuka! Ilikuwa inageuka siku zote! Wairimu aliketi kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alinitazama tu, muda mrefu, kisha akamtazama Tsuma, naye Tsuma akatazama viatu vyake. Nimesema nilikuwa nataka kuwafanyia mshangao.

Alhamisi, 13 Februari

Kanisa la akina Kafedha limeinunua ile kubwa kwa ukumbi wao; pesa nimempa Rashad, nami nimepata ndogo. Wairimu aliomba tubaki nayo ile kubwa. Nikasema ni ya Mama. Akasema Mama haitaki. Nikasema ni suala la msimamo.

Leo hanisemeshi. Juto dogo. Joto kubwa.

Jumapili, 16 Februari

Nilimpigia Elkana. Nilianza kwa mbali, nikauliza habari za ng'ombe. Kisha nikamwambia yale ya jikoni na kitambaa cha kichwani. Akasema, "Nampitia kila asubuhi jikoni. Nilidhani anapenda kuamka mapema."

Mbwa wake alisikika akibweka.

Akasema mbao anazo. Mawe atayajengea ukuta wa zizi. Nilimwonea huruma, dakika nzima. Halafu nikakumbuka kwamba dari itaonekana kila siku na mashine ni kisanduku tu. Nikamwambia apake dari rangi ya kawaida, isiyovutia.

Jumatano, 19 Februari

Likizo imekwisha! Yote niliimaliza kwenye majaribio. Tsuma ndiye amepanda treni na Mama na mashine. Hajawahi kufika bara. Nimemwazima koti langu. Mama kamshika mkono ngazini. Mimi nilishika tiketi.

Jumamosi, 22 Februari

Kundi la familia. Picha: Tsuma na Elkana chini ya dari mpya, wamekumbatiana mabegani kama walionyonya ziwa moja. Tsuma kavaa koti langu. Shangazi tisa. TISA! Mmoja ameuliza huyo kijana mwenye adabu ni mtoto wa nani.

Tsuma alinipigia kueleza kazi. Walifunga dari Alhamisi, na usiku huo mashine ilikuwa bado haijawashwa. Mama akalala bila kitambaa. Dari pekee ilikuwa nusu ya kazi, amesema, na sasa mashine inafanya kazi kidogo tu alfajiri na jioni, polepole, bila kujizima. Sanduku la nje liliganda barafu asubuhi ya kwanza. Elkana akataka kulimwagia maji ya moto, Tsuma akamzuia. Liliiyeyusha barafu lenyewe likaendelea. Akasema baridi ya huko si mchezo, wallahi alidhani masikio yamedondoka.

Jumatatu, 24 Februari

Mama kapiga simu nikiwa yadini. Lori lilikuwa linaunguruma, nikaenda nyuma ya makontena nimsikie. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikamuuliza yuko wapi.

Akasema, "Kitandani."

Nikashtuka, nikauliza kama ni kifua.

"Hapana. Nimekaa tu. Jua limefika dirishani. Nimemwona mwalimu akipita na baiskeli."

Akasema dari ni nzuri. Akasema Tsuma ana adabu. Akasema mashine haina moshi wala kelele. Kisha akasema nile vizuri. Hakukohoa hata mara moja, nami nilikuwa nahesabu.

Nilikaa pale nyuma ya makontena kidogo. Dereva mmoja aliniuliza kama nimepokea habari mbaya. Nikamwambia hapana. Mama yangu amelala hadi saa tatu.

Jumanne, 25 Februari

Elkana ameandika kwenye kundi kwamba anafikiria kumwekea Mama mabomba, maji yamfikie ndani. Ati mabomba. Wacha!

Saa ya chakula nimekwenda kwa Rashad kuulizia pampu za maji. Aliniuliza Mama huchota maji wapi, na anatumia ndoo ngapi kwa siku. Maswali yaleyale! Nikamwambia anipe kubwa kuliko zote. Mama sijamwambia. Nataka ashtukie tu.