Pikipiki ya Kuongoza Msafara

Jumatatu, 3 Agosti

Ushindi! Mama mkwe amekubali. Jumamosi mdogo wake mke wangu anaolewa, na msafara wa kutoka nyumbani hadi ukumbini nitauongoza mimi, na pikipiki yangu nyekundu ya mashindano. Siyo shemeji. Shemeji, yaani kaka yao, alikuwa ameshajiweka tayari na kile kipikipiki chake cha kubebea magunia ya vitunguu. Nilimwambia mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba bibi harusi hatanguliwi na harufu ya vitunguu. Akasema sawa, ila nikimwaibisha mbele ya wakwe wapya, atasahau kwamba nilimwoa mwanawe. Tumeelewana.

Jioni nimeihudumia pikipiki mwenyewe. Fundi wa nini? Mkono wa klachi ulikuwa unalegea kidogo kabla haujashika. Uzembe wa kiwandani. Nimekaza waya mpaka mkono umesimama imara. Oili nimeweka ile ya magari ya kifahari, imeandikwa kwenye kopo kwamba inalainisha maradufu. Naenda kulala na mikono myeusi na moyo mweupe.

Jumatano, 5 Agosti

Ajabu. Nikivuta resi injini inanguruma kuliko zamani, mshale wa mizunguko ya injini unaruka hadi kwenye alama nyekundu, lakini mwendo ni uleule. Nguvu imezidi mpaka barabara haiwezi kuipokea!

Baada ya kazi nilimpakia mke wangu tukajaribu kile kilima cha kwenda ukumbini. Injini ikapiga kelele, sisi tukatambaa. Mwendesha baiskeli akatupita, akatupungia. Nikatafakari kitaalamu. Nikiwa peke yangu tambarare, tatizo dogo. Nikiwa na mke kilimani, tatizo kubwa. Hitimisho ni moja, nikamweleza kwa upole, tena kwa maneno ya kuchagua. Akashuka. Akapanda kilima kwa miguu na kufika juu kabla yangu. Leo nalala sebuleni. Nafasi nzuri ya kufikiri.

Alhamisi, 6 Agosti

Mke wangu kamwambia kaka yake. Shemeji kaja na ndala zake, kakaa juu ya ndoo, kabonyeza mkono wa klachi kwa kidole. Akauliza nani kaukaza hivi. Nikasema mtaalamu. Eti klachi inateleza! Eti mkono ukikosa nafasi ya kucheza kidogo, sahani za ndani hazibanani sawasawa, na oili ya gari inazidisha utelezi. Akasema nihakikishe mwenyewe: niende polepole, niweke gia ya juu, nivute resi ghafla. Mlio ukipanda na mwendo usipande, jibu nimepata. Akajitolea kuitengeneza leo leo.

Nilicheka moyoni. Anautaka msafara, huyu!

Alipoondoka nikafanya hilo jaribio lake, ili kumuumbua. Gia ya juu, resi ghafla. Mlio ukapanda mpaka mbwa wa jirani akaingia ndani. Kipima mwendo hakikusogea. Basi nikaugundua ugonjwa: kipima mwendo kimekufa. Nimekiziba kwa utepe mweusi. Pikipiki imepona, na bila msaada wa mtu.

Jumamosi, 8 Agosti

Jaketi la ngozi, glavu, miwani. Hadi chini ya kilima nilikuwa mfalme! Watu walitoka madukani kunitazama. Kilimani injini ikanguruma kama haijawahi, nami nikazidi kupunguza mwendo bila kutaka. Gari la bibi harusi likapiga honi. Nikajua ni shangwe, nikapunga mkono. Halafu harufu ya kuungua. Halafu nikasimama, na msafara mzima ukasimama nyuma yangu.

Mama mkwe alishusha kioo, akanitazama, akapandisha kioo. Hilo liliniuma. Naandika ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Shemeji akaja kutoka nyuma, akafunga kamba, akanivuta. Kwa hiyo wa kwanza kufika ukumbini ni kipikipiki cha vitunguu, na wa pili ni mimi, kifua mbele, nikiendelea kupungia watu. Mpiga picha kanipata vizuri sana. Na bado nilikuwa mbele ya bibi harusi, asije mtu akasema vingine.

Jumanne, 11 Agosti

Jana shemeji alizunguka maduka ya vipuri mpaka akapata sahani mpya za klachi. Leo kafungua, kanionyesha za zamani: nyeusi, zimeungua, zinang'aa kama kikaango. Kafunga mpya, kaweka oili ya pikipiki, kaurekebisha waya. Nimeijaribu kilimani. Inaruka! Nilimshukuru kwa dhati, machozi nusura yanitoke. Mama mkwe akasema mwanawe ana mikono ya baraka. Alisema akiwa amenipa mgongo, lakini sauti ilinifikia.

Walipoingia ndani kula nikaubonyeza mkono wa klachi. Unalegea! Kazi nzuri yote ile, halafu mwishoni anaacha uzembe uleule wa kiwandani. Sikumsema, ana moyo mzuri. Nimekaza mwenyewe.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kusahau wema, nimemkazia na yeye waya wa klachi wa kipikipiki chake, kimyakimya, kisha nikamwongezea ile oili ya magari ya kifahari iliyobaki kwenye kopo. Kesho alfajiri anampeleka mama mkwe kituo cha basi, kwa njia ya kilimani. Wataiona tofauti.